Mji Mkongwe, Unguja: fleti ya kujipikia, gesti, au nyumba ya Ng'ambo?

Familia ya watu watano inayoshuka botini Malindi ina njia tatu za kulala mjini Unguja. Ya kwanza ni kupanga fleti yenye jiko ndani ya Mji Mkongwe wenyewe, kwenye nyumba za mawe. Ya pili ni kuchukua vyumba viwili gesti humo humo vichochoroni, chai ya asubuhi ikiwa juu ya mwenye gesti. Ya tatu ni kuvuka barabara ya Darajani na kupanga nyumba Ng'ambo, kwenye majumba ya Michenzani, Kikwajuni au kuteremkia Kilimani. Matangazo ya zote tatu yanaonyesha kitanda kilichotandikwa vizuri, na mara nyingi mlango wa kuchonga. Hayaonyeshi ngazi, tangi la maji wala mwendo wa kwenda sokoni. Hivyo vitatu ndivyo vitakavyoamua kama utapumzika au utabeba ndoo.

Msimamo wetu ni huu: fleti ya kujipikia Mji Mkongwe inafaa kuanzia usiku wa nne, kwa watu watatu na kuendelea, na iwe ghorofa ya kwanza au ya pili. Pungufu ya hapo chukua gesti. Mwenye mzee asiyepanda ngazi, au mwenye gari, aangalie Ng'ambo kwanza.

Hesabu kabla ya picha

Jiko lina gharama ya kulifungua. Ukiingia fleti yoyote utanunua mafuta ya kupikia, chumvi, sukari, majani ya chai, mchele, sabuni ya vyombo, kiberiti na dumu la maji ya kunywa, ukae siku mbili, ukae siku kumi. Tena siku mbili za safari hazina mapishi. Ya kufika unaingia umechoka na wauzaji wa soko wameshafunga, na ya kuondoka sufuria zinatakiwa zikabidhiwe safi. Kwa hiyo anayelala mara mbili anapika siku moja tu, kisha nusu chupa ya mafuta anamwachia mwenye nyumba. Anayelala mara nne anapika siku tatu kamili, na hapo ndipo jiko linapoanza kurudisha fedha yake.

Wengi hupiga hesabu kwa chai ya asubuhi, na hapo ndipo wanapokosea. Asubuhi ndiyo mlo rahisi kuliko yote Mjini. Chapati, maandazi, mkate wa ufuta, mbaazi za nazi na chai vinapatikana pembezoni mwa Darajani kabla hata hujawasha gesi. Kinachomaliza fedha ni mchana na usiku, watu watano wakikaa mkahawani, hasa upande wa Shangani ambako orodha za vyakula zimepangiwa watalii. Kama huna nia ya kupika angalau mlo mmoja kati ya hiyo miwili kila siku, usilipie jiko. Forodhani jioni na migahawa ya Mkunazini itakulisha vizuri, na chumba cha gesti kitakutosha.

Wapo wanaohitaji jiko hata kama halirudishi senti: mwenye mtoto wa uji, mwenye presha aliyekatazwa chumvi, mwenye kisukari anayekula kwa saa, na mzazi aliyejifungua karibuni. Kwao hesabu ya usiku wa nne haina kazi.

| | Fleti, Mji Mkongwe | Gesti, Mji Mkongwe | Nyumba ya Ng'ambo |
|---|---|---|---|
| Siku zinazofaa | 4 na zaidi | 1 hadi 3 | 5 na zaidi |
| Watu | 3 hadi 6 | 1 hadi 2 kwa chumba | 4 hadi 8 |
| Gari mlangoni | Mara chache | Mara chache | Mara nyingi |
| Maji yakikatika | Uliza tangi la nani | Juu ya mwenye gesti | Uliza tangi la nani |
| Umeme | Mara nyingi unanunua mwenyewe | Umo kwenye bei | Mara nyingi unanunua mwenyewe |
| Usafi | Wako | Wao | Wako |

Ghorofa ipi?

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, na ndipo wapangaji wanapouliza machache. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene kama nusu mita, na sakafu za juu zinabebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, haiongezwi. Ndiyo maana vyumba vingi vina upana wa kati ya mita mbili na nusu na tatu, hata viwe virefu namna gani. Kitanda cha futi sita kwa sita katika chumba cha mita 2.7 kinaacha chini ya mita moja ya kupita. Tangazo likisema chumba kinalaza wanne, vitanda vimepangwa kwa msururu kama behewa la treni, si ubavu kwa ubavu. Wa mwisho ukutani akitaka kutoka usiku, atapita kwenye miguu ya wenziwe wote.

Ghorofa ya chini, usawa wa barabara, tangu zamani ilikuwa ya duka na stoo. Wenye nyumba walikaa juu. Madirisha yake ni machache, na yaliyopo yako uso kwa uso na wapita njia, kwa hiyo utayafunga. Ukuta wa chokaa unanyonya maji kutoka ardhini pamoja na chumvi yake. Ukuta uliopigwa lipu ya chokaa hupumua na kukauka. Uliopigwa saruji hauna pa kutolea unyevu, na ndipo unapoona rangi inabanduka vipande na unga mweupe wa chumvi ukichomoza kwenye futi tatu nne za chini. Chumba cha namna hiyo hutia nguo ukungu kwa siku chache. Kama ndicho pekee ulichopata, vuta kitanda sentimita kumi kutoka ukutani, usiweke begi sakafuni, na acha feni ikizunguka hata mkiwa nje. Faida yake ni moja, nayo ni kubwa kwa baadhi ya watu: hakuna ngazi.

Ghorofa ya kwanza na ya pili ndizo bora. Unyevu wa ardhini haufiki, jua la bati halifiki, na kuta nene zinahifadhi ubaridi wa usiku mpaka mchana. Tafuta yenye madirisha pande mbili, moja likitazama njia na jingine likitazama ua wa ndani, ili upepo upite. Fleti yenye madirisha upande mmoja tu itakulazimisha kuwasha kiyoyozi, na kiyoyozi ni fedha nyingine.

Ghorofa ya juu kabisa ndiyo inayouzwa ghali kwa sababu ya mandhari. Bahari unaiona kweli, na jioni pana raha. Lakini nyumba nyingi sasa zimeezekwa bati, na bati lililopigwa na jua la kaskazi, Desemba hadi Machi, linaendelea kutoa joto mpaka saa tatu nne za usiku. Hesabu pia ngazi: nyumba ya ghorofa tatu inaweza kuwa na vipandio hamsini au zaidi, vyembamba na virefu kuliko vya majengo ya leo, vingine bila kishikio. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Mtungi mdogo wa gesi uliojaa unafika kilo 12 au zaidi. Mizigo hiyo itapanda kwa mabega ya mtu. Na pale juu penye baraza wazi, pima kimo cha ukuta wa ukingo kabla hujamwachia mtoto: ukifika kiunoni kwa mtu mzima hautoshi, maana mtoto atasogeza kiti.

Kwa ghorofa yoyote, inua macho utazame boriti. Mahali boriti inapoingia ukutani ndipo panapooza kwanza, kwa sababu maji ya mvua yanayopenya ukutani hukaa hapo. Doa la kahawia linaloizunguka, dari iliyobonyea katikati, ufa mpana unaokata ukuta mshazari: ukiona mawili kati ya hayo chumba kimoja, tafuta nyumba nyingine. Hili si la kupuuza. Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883 na fahari ya Forodhani, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakapoteza maisha.

Maji: muulize kabla ya waifai

Maji ya bomba ya ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, hayaji saa zote katika kila mtaa, kwa hiyo nyumba inaishi kwa tangi lake. Watu watano wanaooga mara mbili, wanaopika na kufua nguo ndogo ndogo watatumia lita 350 hadi 500 kwa siku. Tangi la lita 1,000 likiwa lenu peke yenu linatosha siku mbili. Likiwa la fleti tatu, halifiki kesho. Swali la kumuuliza mwenye nyumba si "maji yapo?" kwa sababu jibu lake siku zote ni ndiyo. Muulize: tangi lina lita ngapi, linahudumia fleti ngapi, pampu iko wapi na ufunguo wake anao nani. Pampu iliyofungiwa dukani chini, na mwenye duka amekwenda sala ya Ijumaa, ni mchana mzima bila maji.

Jambo linalowashangaza wapangaji wa ghorofa ya juu: tangi liko juu ya vichwa vyao, na shawa inatiririka kama uzi. Sababu ni kimo. Maji yanayoshuka yenyewe hupata msukumo wa bar moja kwa kila mita kumi. Tangi likiwa mita moja na nusu juu ya shawa, msukumo ni bar 0.15 tu, na hita nyingi za papo kwa papo zinataka zaidi ya hapo ndipo ziwake. Fleti ya ghorofa mbili chini yake inapata msukumo mara kadhaa wa huo bila pampu yoyote. Kwa hiyo mwenye kupenda maji ya moto apange katikati, au ahakikishe juu pana pampu ya kusukuma.

Gesti ina nafuu hapa. Maji yakikatika ni kazi ya mwenye gesti kuleta, na wewe unadai kwa aliyekaa mapokezi. Kwenye fleti unampigia simu dalali, dalali anampigia mwenye nyumba, na mwenye nyumba huenda yuko Muscat.

Maji ya kunywa nunua, au chemsha mpaka yatokote vizuri kisha yafunike. Hesabu lita mbili na nusu kwa mtu kwa siku, na ongeza kwenye miezi ya joto.

Jiko linaloitwa jiko

"Jiko lipo" kwenye tangazo linaweza kuwa birika la umeme na friji ndogo juu ya meza. Omba picha ya jiko likiwa wazi, kabati zikiwa wazi. Kwa mapishi ya watu watano utahitaji sufuria mbili kubwa, moja ya lita tano kwa wali na moja ya lita tatu kwa mchuzi, pamoja na kikaango, kisu chenye makali, ubao, mwiko, upawa, chujio, beseni mbili na vifuniko vinavyokaa. Mbuzi ya nazi Unguja haikosekani nyumbani kwa watu, lakini fleti za kupangisha nyingi hazina. Ama uliza, ama nunua nazi iliyokwishakunwa sokoni asubuhi na uikamue mapema, maana kwa joto hili tui halifiki jioni bila friji.

Gesi au umeme? Chagua gesi. Jiko la umeme la pleti moja linakula kati ya kilowati moja na mbili, na nyaya za nyumba nyingi kongwe zilitandikwa kabla ya viyoyozi na hita. Ukiwasha jiko, hita na kiyoyozi pamoja, swichi kuu inajikata, na mara nyingi iko chini ngazini, gizani. Umeme wenyewe wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na ukikatika unakatika na pleti yako. Watu wa mjini hawajasahau mwaka 2008, umeme ulipokosekana kiasi cha mwezi mzima, wala ile miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Siku hizi hali si hiyo, lakini mtungi wa gesi ndani ya nyumba ni amani ya moyo.

Mtungi wa kilo 6 ukiwasha pleti moja kwa moto mkubwa unakwenda kama saa thelathini. Kwa mapishi ya milo miwili kwa siku ni kama siku kumi hadi kumi na tano, maana moto haukai mkubwa muda wote. Pweza peke yake anaweza kutaka saa nzima. Mtungi ukiwa wa nusu, utaishiwa usiku, wali ukiwa kati. Kuna njia nyepesi ya kujua kilichomo: uzito wa mtungi mtupu huwa umegongwa kwenye chuma chake. Upime kwa mizani ya begi uliyokuja nayo safarini, toa uzito mtupu, kinachobaki ndiyo gesi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kutanda sakafuni, haipandi ikatoka dirishani. Hilo ni tatizo katika jiko lililotengenezwa kwenye kijichumba cha ndani kisicho na dirisha, na Mji Mkongwe vijiko vya namna hiyo vimejaa, kwa sababu mahali hapa ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000 na mwenye nyumba hawezi kutoboa dirisha jipya bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mtungi ukae barazani au karibu na mlango unaopitisha hewa. Siku ya kwanza paka povu la sabuni kwenye regyuleta, kile kichwa cha kufungia juu ya mtungi, na kwenye maungio ya mpira. Povu likitoa mapovu mapya, funga, usipike mpaka kifaa kinachovuja kibadilishwe. Usiku funga kwenye mtungi, si kwenye jiko tu.

Seredani ya makaa usiiwashe ghorofani. Moshi wake usioonekana unaua ndani ya chumba kilichofungwa, na cheche ikiingia kati ya mbao za sakafu hutaiona mpaka iwe imeshashika.

Mtaa upi, soko lipi

Mji Mkongwe wote unaupita kwa miguu kama robo saa kutoka ncha hadi ncha. Umbali unaonekana mdogo mpaka uubebe: kilo mbili za mchele, samaki, nazi nne na tikiti, katika jua la saa sita, kwenye njia inayopinda mara kumi.

Mkunazini ndiyo mtaa wa mpishi. Darajani, soko la tangu 1904, liko dakika tatu nne, viungo, mboga na nyama vyote hapo, na Kanisa Kuu la Anglikana ni alama nzuri ya kumwelekeza mgeni. Kelele za biashara zinaanza mapema. Kiponda na Hurumzi zinakaa katikati, zimetulia zaidi usiku, ila mara ya kwanza utapotea. Piga picha ya kila kona kuanzia mlangoni mpaka Darajani, kisha rudi nazo kinyume. Malindi ni kwa apendaye samaki na anayewahi boti ya alfajiri: soko la samaki na bandari viko hapo hapo. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni harufu ya samaki na magari ya mizigo. Shangani ina bahari, mikahawa na muziki wa usiku, na ndiko soko lilipo mbali zaidi. Wapangaji wanaolipia jiko Shangani huishia kula nje, wakilipa mara mbili. Vuga na pembezoni mwa Mnazi Mmoja tunazipendekeza kwa wazee: njia ni pana, teksi inafika karibu na mlango, na Hospitali ya Mnazi Mmoja ipo jirani.

Kule ndani ambako gari haliingii, mizigo inabebwa na hamali na mkokoteni wake. Patana bei kabla begi halijapakiwa, na mtajie ghorofa, kwa sababu bei ya mlangoni si bei ya ghorofa ya tatu.

Samaki Malindi huuzwa kwa mnada na kwa mtungo. Asiyejua mnada asimame pembeni kwanza, au anunue kwa mchuuzi wa meza, bei juu kidogo lakini bila presha. Kwa watano, kilo moja na nusu hadi mbili za changu wazima zinatosha mlo mmoja, na kilo moja ya mchele kwa nazi mbili kubwa inawashibisha wote na kubaki. Mwambie muuzaji akupare magamba na kutoa matumbo hapo hapo kwa malipo madogo. Ukivifanya nyumbani, taka zake zitanuka kabla ya usiku, na paka wa mtaa watakuwa wamejaa ngazini. Miiba iliyobaki baada ya kula ifunge na kuiweka ndani ya friza mpaka saa ya kutoa taka; muulize jirani ni saa ngapi na wapi. Nenda sokoni na kikapu, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku.

Ramadhani na masika

Mwezi wa Ramadhani unageuza ulinganisho wote. Mchana mikahawa mingi imefungwa na kula hadharani haikubaliki. Aliye gesti na watoto atahangaika. Aliye na jiko atawapikia watoto ndani kwa heshima, atanunua futari alasiri Darajani, na daku ataipasha mwenyewe. Hata kwa usiku mbili, Ramadhani chukua fleti. Ila weka nafasi mapema, kwa sababu jamaa wa Bara, Mombasa na Oman wanarudi kwa ajili ya Idd. Februari nayo, wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, nyumba za Forodhani na Shangani hujaa na muziki unasikika mpaka usiku mwingi.

Masika, Machi hadi Mei, bei hushuka, na ndipo paa linapotoa siri zake. Ukipanga ghorofa ya juu miezi hiyo, ulizia mahali ndoo inapokingwa.

Kwa nani Ng'ambo, kwa nani gesti

Majumba ya Michenzani, ya miaka ya 1970, hayana mlango wa kuchonga wala mandhari ya jahazi. Yana vyumba vya upana wa kawaida, jiko lenye dirisha, gari linafika chini, na Darajani unaifikia kwa miguu. Familia ya watu wanane, msiba, harusi, au matibabu ya wiki mbili Mnazi Mmoja: Ng'ambo bila kusita. Ngazi za majumba nazo ni nyingi, kwa hiyo omba ghorofa ya chini au ya kwanza. Unachokikosa ni kuamka ndani ya mji wenyewe, njia zikiwa bado tupu, na kwa mgeni wa mara ya kwanza hicho ni kitu kikubwa.

Gesti ni ya mtu mmoja au wawili, kwa siku chache, wasiotaka kushika funguo za watu. Uliza kama chai ya asubuhi inahesabu watoto, inaanza saa ngapi, na kama mwenye boti ya mapema anafungiwa chakula.

Kabla ya kutuma fedha

Omba picha za video za moja kwa moja kwa simu, si zilizorekodiwa. Mwenye nyumba aanzie mlango wa njia, apande ngazi zote akihesabu, afungue bomba la jikoni na shawa, awashe gesi, aonyeshe tangi na mita. Anayekataa hayo ana jambo analolificha, au nyumba si yake. Muulize kibali cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na kama kodi na ada za kila mgeni kwa usiku zimo kwenye bei. Uliza mlango mkubwa wa chini unafungwa saa ngapi na nani ana ufunguo; nyumba nyingi zina mlango mmoja kwa wapangaji wote, na komeo likishapigwa ndani, ufunguo wako wa fleti haukusaidii kitu.

Umeme unanunuliwa kwa Tukuza, yaani mita ya kulipia kabla ya kutumia. Kiyoyozi cha kawaida cha chumbani kinakula yuniti tano hadi nane kwa usiku mmoja, feni haifiki yuniti moja. Andikianeni kwenye ujumbe wa simu ni yuniti ngapi zimo kwenye kodi na zikizidi nani ananunua. Siku ya kuingia piga picha mita, mtungi wa gesi juu ya mizani na kila kikombe chenye ufa, umtumie mwenye nyumba saa hiyo hiyo. Siku ya kutoka rudia picha zile zile kabla hujamkabidhi ufunguo, na amana yako uidai hapo mlangoni, boti bado haijakuita.